Kupokea AIS za meli kwa laptopu: nichukue RTL-SDR V3, V4 au Airspy?

mkaa_kigamboni

Wakuu, habari za jioni. Nataka kufunga risiva ya SDR (redio inayoendeshwa kwa programu ya kompyuta) hapa Kigamboni nione kwenye ramani meli zinazoingia na kutoka bandari ya Dar, pamoja na boti za Zanzibar, kwa kunasa AIS (matangazo ya redio ambayo meli hutuma kueleza jina na mahali zilipo) hewani mwenyewe bila kutegemea tovuti. Laptopu ni Core i3 ya zamani, RAM GB 4, ina Linux Mint. Antena itakaa juu ya paa la bati, kama mita 9 kutoka chini, na waya hadi mezani ni mita 12.

Ninunue kidude cha USB cha RTL-SDR V3, V4, au nijikaze nichukue Airspy Mini? Waya gani unafaa? Na kingine: nimeazima RTL-SDR ya kujaribia, lakini programu yake ya majaribio, rtl_test, inagoma na kuandika `usb_claim_interface error -6`. Tatizo ni nini?

---

fundi_masafa

Karibu mkuu. Chukua V3, na hela ya Airspy iweke kwenye antena na waya. Sababu ni hii: AIS ina chaneli mbili tu, 161.975 na 162.025 MHz, zimeachana kHz 50. RTL-SDR inachukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde bila kupoteza, kwa hiyo chaneli zote mbili zinaingia kwa pamoja na nafasi kubwa inabaki. Airspy Mini ina biti 12 dhidi ya 8 za RTL, na faida yake inaonekana pale mawimbi dhaifu yanapokaa jirani na yenye nguvu sana. Dar tatizo hilo lipo kwa sababu ya stesheni za FM, ila linatibika kwa filta ya bei ndogo. HackRF One achana nayo kwa kazi hii: nayo ni biti 8, na unalipia uwezo wa kurusha mawimbi ambao huna leseni nao.

V4 si mbaya. Ina kigeuzi cha masafa cha MHz 28.8 ndani, kwa hiyo kwa redio ya masafa mafupi (HF) inaishinda V3. Lakini librtlsdr ya zamani, maktaba ya programu inayoendesha vidude hivi, haiijui: haibadilishi njia ya kuingizia mawimbi, na utapata risiva inayoonekana nzima kumbe haisikii. Ukiichukua, ondoa librtlsdr ya zamani kisha jenga ile ya rtl-sdr-blog.

Vile vidude vya TV vya bei ya chini kabisa viepuke kwa sababu ya kioo chake cha masafa. Kwenye MHz 162, kosa la ppm 1 (sehemu moja kwa milioni) ni Hz 162. Kidude kilichopotoka ppm 50 kitakuwa nje kwa kHz 8, theluthi nzima ya chaneli ya kHz 25. V3 ina TCXO (kioo kisichoyumbishwa na joto) ya ppm 1. Angalia pia usiuziwe bandia, zipo nyingi zenye jina lilelile.

Sasa hiyo -6. Kerneli inakidhania kidude ni risiva ya TV na inakikamata kabla yako. Hakikisha kwanza `lsusb` inaonyesha 0bda:2838, kisha:

```
echo "blacklist dvb_usb_rtl28xxu" | sudo tee /etc/modprobe.d/blacklist-rtl.conf
sudo modprobe -r dvb_usb_rtl28xxu
```

Chomoa, chomeka tena, endesha `rtl_test -s 2400000` kwa dakika kadhaa. Kupoteza baiti chache mwanzoni ni kawaida. Ikiendelea kuandika "lost at least", hamisha tundu la USB na uondoe habu. Kama -6 inarudi hata baada ya hapo, kuna programu nyingine imeishikilia, mara nyingi ni SDR++ iliyoachwa wazi. Kosa la -3 ni jambo jingine: huna ruhusa, zinakosekana kanuni za udev (zinazotoa ruhusa za vifaa kwenye Linux).

---

bahari162

Naongezea upande wa antena maana ndiko kazi ilipo.

Mawimbi ya AIS yamesimama wima, kwa hiyo antena nayo isimame wima. Daipo ya fimbo mbili za sentimita 44 kila moja inatosha kabisa: fimbo za shaba au alumini za milimita 4 hadi 6, zifungwe kwenye bomba la PVC, moja juu moja chini. Waya utoke katikati kwa ulalo angalau nusu mita kabla ya kushuka, na ubane feraiti (vipande vya kuzuia kelele kwenye waya) tatu au nne karibu na maungio, la sivyo waya wenyewe unageuka sehemu ya antena na kuleta kelele za nyumbani. Iwe juu ya bati, isilale kando yake, na ikae mita moja au zaidi kutoka nguzo yoyote ya chuma.

Waya: tumia RG6, huu wa dishi. Watu wanauogopa kwa kuwa ni ohm 75, lakini hasara ya kutolingana na ohm 50 ni kama dB 0.2 tu, wakati RG6 yenyewe kwa mita 12 inapoteza kama dB 1. RG58 itapoteza zaidi ya dB 2. Ule mwembamba wa RG174 unakaribia dB 5, yaani theluthi mbili ya mawimbi imeishia njiani. Weka konekta ya F ya kubana, ile ya kuzungusha kwa mkono inalegea. Kwenye V3 utahitaji adapta ya F jike kwenda SMA dume. Kuwa makini dukani: adapta za ruta za WiFi ni RP-SMA, zinajifunga vizuri kabisa lakini katikati hakuna pini, hivyo hakuna kinachogusana. Itazame kwa macho kabla ya kulipa.

Umbali: kwa kukadiria, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na cha antena ya meli, zidisha kwa 4.12. Antena yako mita 9, ya boti tuseme mita 10: unapata kilomita 25. Meli kubwa yenye antena mita 30 inafika kilomita 35. Unguja ni kama kilomita 70, kwa hiyo boti itakupotea kabla ya nusu ya njia, usidhani kifaa kimeharibika. Kuna siku hewa ya juu ya bahari inapinda mawimbi na utaona mbali zaidi, lakini usipange kwa hesabu hiyo. Kupandisha antena kutoka mita 9 hadi 16 kunakuongezea kilomita 4 tu. Kuondoa ukuta au jengo lililoziba upande wa bahari kunaweza kukupa zaidi ya hapo.

Na FM. Ukifungua SDR++ kwenye MHz 162 ukasikia muziki au ukaona vilima vipana vinavyocheza, risiva imelemewa. Nunua filta ya kuzuia 88–108, au tengeneza mwenyewe: weka kiungio cha T cha konekta za F karibu na risiva, kwenye tundu la tatu unganisha kipande cha RG6 cha sentimita 66, mwisho wake uache wazi bila kugusisha kiini na wavu. Kwa sentimita 63 hivi kinazima eneo la MHz 98. Kata sentimita moja moja huku ukitazama kilima cha stesheni inayokusumbua kikishuka, simama kinapofika chini kabisa. Kwenye 162 kinakula chini ya nusu dB.

---

mkaa_kigamboni

Shukrani sana wakuu. Blacklist imefanya kazi, rtl_test inapita bila kosa. Programu ipi ya kutafsiri AIS, na geini (kiwango cha kukuza mawimbi) niweke ngapi? Otomatiki inatosha?

---

fundi_masafa

Tumia AIS-catcher. Inajengwa hivi:

```
sudo apt install git cmake make gcc g++ pkg-config librtlsdr-dev
git clone https://github.com/jvde-github/AIS-catcher.git
cd AIS-catcher && mkdir build && cd build
cmake .. && make && sudo make install
```

Kisha:

```
AIS-catcher -s 1536K -gr tuner 33.8 rtlagc off -v 10 -N 8100 -u 127.0.0.1 10110
```

Fungua `http://localhost:8100` uone ramani. Hiyo `-u` inapeleka data kwa OpenCPN, programu ya ramani za bahari, ambako unaongeza muunganisho wa UDP bandari 10110. Core i3 yako haitahema.

Geini usiiachie otomatiki. Inaitikia jumla ya kinachoingia, na kinachoingia kwa wingi Dar ni FM. Fungua SDR++ kwanza, MHz 162, zima AGC (geini ya otomatiki), anza chini upandishe hatua kwa hatua. Tazama kiwango cha kelele antena ikiwa imechomolewa, kisha ikiwa imechomekwa. Pale ambapo kuchomeka antena kunapandisha kelele kwa dB kadhaa, umefika. Kuongeza zaidi kunakuza kelele tu. AIS utaiona kama vipande vifupi, kila kimoja kama milisekunde 27. Halafu chomoa chaja ya laptopu utazame. Kelele ikishuka ghafla, mchawi ni chaja. Fanya hivyo hivyo kwa taa za LED.

Usishangae namba ya utambulisho ya chombo (MMSI) kutangulia jina. Meli inayotembea inatuma mahali ilipo kila sekunde 2 hadi 10, iliyotia nanga kila dakika 3, lakini jina na aina ya chombo hutumwa kila dakika 6. Namba zinazoanza na 674 au 677 ni za Tanzania, 634 ni Kenya. Majahazi na ngalawa kwa kawaida hutaviona: sharti la kimataifa la kubeba AIS linagusa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri nje, na za abiria.

---

nasa_mawimbi

Kwa watakaosoma wakiwa na Windows: usikubali draiva ya TV inayojiweka yenyewe. Fungua Zadig, Options, weka tiki List All Devices, chagua "Bulk-In, Interface (Interface 0)", hakikisha USB ID ni 0BDA 2838, chagua WinUSB, bonyeza Replace Driver. Soma hiyo ID mara mbili. Ukibadilisha ya kibodi au kipanya kwa bahati mbaya, kitaacha kufanya kazi. Ukihamisha kidude tundu jingine, huenda ukarudia.

Mkaa, kwa kuwa uko pwani: maungio ya juu yafunge kwa utepe wa butili kwanza, kisha utepe wa umeme juu yake. Chumvi inaingia kwenye wavu wa waya na kupanda kwa ndani. Mawimbi yakianza kudhoofika, fungua konekta ya juu. Ukiona ukijani kwenye shaba au unga mweupe kwenye alumini, kata nusu mita ufunge upya. Acha kitanzi cha waya kining'inie kabla ya dirisha ili maji yadondokee nje. Bias tee ya V3 (inayopeleka umeme kwenye waya wa antena) iache imezimwa, inatoa volti 4.5 na wewe huna amplifaya juu. Nguzo iwe na waya wa ardhi, na mawingu ya radi yakikaribia chomoa antena kwenye laptopu.