Naomba ushauri: picha za ndege za Vita vya Pili vya Dunia, niuze au nitunze?

Wakuu, habari zenu. Marehemu babu aliniachia albamu ya picha za ndege za jeshi la anga la Uingereza, za wakati wa vita. Chache tu ziko angani. Nyingi ni za mafundi kazini, na hizo ndizo zinazonigusa.

Kuna moja ya Lancaster, ndege ya kudondosha mabomu, iliyovuliwa vifuniko vya injini. Fundi amesimama juu ya jukwaa, mkono umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya Merlin, ile injini ya silinda 12. Ukiisogeza karibu unaona kila bomba lilivyopita.

Nyingine ni Spitfire, ndege ndogo ya kivita, yenye mistari myeupe na myeusi mabawani, iliyopakwa kwa ajili ya uvamizi wa Normandy, Ufaransa, wa Juni 1944, kwa hiyo ya kabla ya hapo siyo. Nyuma kuna maandishi ya penseli.

Sasa amejitokeza mnunuzi, anazitaka za Spitfire peke yake. Naogopa kuivunja albamu, maana mpangilio wake nao ni ushahidi. Je, wanaokarabati ndege za zamani huzithamini hizi za matengenezo? Au niziandikie makumbusho, kama Imperial War Museum ya London? Halafu gundi imeanza kuzila pembeni. Nizibandue, au nizipige skani zikiwa humohumo?