Binti yangu wa miaka 12 ameanza kukwepa chakula baada ya kuambiwa kanenepa, nifanyeje kabla haijawa ugonjwa?

Mama wa Mikindani
Habari zenu wapendwa, naomba ushauri maana wiki ya pili hii silali vizuri. Nina binti yuko darasa la sita, mtoto alikuwa anakula kila kitu, ugali, samaki, kisamvu, hachagui. Mwezi wa saba tulienda Nanyamba kwenye ngoma ya familia, wifi yangu mbele ya watu wote akamshika kiuno akasema mwanangu umefutuka hivi si utatumalizia unga, watu wakacheka na yeye akacheka, mi nikajua yameisha. Kumbe mwenzangu kayabeba. Tangu turudi usiku hali, anasema ameshiba, asubuhi anakunywa maji ya ndimu anaenda shule hivohivo, afu juzi nimeingia chumbani nikamkuta amejikaza kanga tumboni mpaka ngozi imebaki na mistari. Nikamuuliza mama kulikoni, akasema anataka tumbo liwe kama la yule dada wa kwenye simu, na simu yenyewe ni yangu mimi, ndo anaangaliaga hizo video za kukata tumbo kwa siku saba.

Baba yake anasema muache njaa ikimbana atakula, dada yangu anasema twende kwa mganga. Mi sitaki kumpiga wala kumlisha kwa nguvu, ila kunyamaza pia naogopa. Hapa mwanzo mzazi unafanya nini?

Mjomba wa Mchinga
Pole dada, ila usijitie presha. Haya mambo ya kukataa kula ni ya wazungu ambao chakula kimejaa kwenye friji, huku kwetu kusini mtoto akikaa siku mbili anakufata mwenyewe jikoni. Mnyang'anye simu, basi.

Nesi_Masasi
Mjomba nakuheshimu ila hapo nakupinga. Kule visiwa vya Fiji walikuwa kama sisi, mwanamke mwenye mwili ndo anasifiwa, ukikonda watu wanauliza unaumwa nini. Televisheni ikaingia sehemu moja ya huko mwaka 1995, mtafiti wa Marekani anaitwa Anne Becker akawauliza wasichana wa sekondari wakati huohuo, hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Akarudi 1998, zaidi ya 11 katika kila 100 wakasema wanafanya. Miaka mitatu tu, na hiyo ni televisheni, sio simu ambayo mtoto analala nayo chini ya mto.

Na hili la njaa itamrudisha ndo linaniuma zaidi maana nalisikia kila siku. Mwaka 1944 mpaka 1945 kule Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake walichukua wanaume 36 wazima, wenye afya na akili timamu, wamejitolea wenyewe, wakapunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wakawa wanawaza chakula muda wote, wana huzuni, hasira za karibu, mtu anakaa na sahani muda mrefu anakichezea chakula. Hao ni watu wazima ambao hata hawakutaka kukonda. Kwa hiyo njaa yenyewe inabadilisha kichwa, ikishamkolea mtoto inamshika, haimrudishi.

Dada, binti wa miaka 12 anakaribia kuvunja ungo au ameshavunja, mwili lazima uongezeke, nyonga na tumbo vinajaa, ndo kukua kwenyewe. Mwambie hivo kwa maneno yako, na mtoto wa umri huo akisimama kuongezeka kilo tu, hata kama kwa macho hajakonda, hiyo tayari ni ishara. Mchunguze bila kumvizia kama polisi: anakimbilia chooni akimaliza kula? ana vikovu mgongoni mwa vidole, mashavu yamevimba? anasikia baridi na joto lote hili la Mtwara, nywele zinakatika, kizunguzungu? Akizimia au akiwa anatapika kila siku usisubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na hata sasa mpeleke apimwe uzito, urefu, presha, waangalie na minyoo na malaria, usije ukabaki unalaumu video kumbe kuna kingine, afu ueleze hayo ya kanga na ndimu wazi uombe aonwe na watu wa afya ya akili. Akija kukaa muda mrefu bila kula usimshindilie sinia zima siku moja, chumvi za mwilini zinashuka ghafla na moyo unaweza kuyumba, hiyo inafanywa hospitalini.

Nyumbani kuleni pamoja, hata mlo mmoja kwa siku lakini kila siku, na hapo mkekani msiongelee mwili wa mtu, wa kwake wala wako. We mwenyewe ukijishika tumbo kwenye kioo unasema nimekuwa pipa, yeye anasikia.

Binti_wa_Lindi
Mimi haya yamenipata, nina miaka 24 sasa, niko Lindi mjini. Yangu yalianza kwenye funga. Nikiwa na miaka 15 Ramadhani iliisha nikaunganisha na sita za Shawwal, afu Jumatatu na Alhamisi, afu siku nyingine nazitafuta mwenyewe. Mama akawa anawaambia majirani mwanangu ana dini, na mimi moyoni najua simfungii Mungu. Jioni kwenye futari naweka tende na viazi kwenye pindo la kanga, nikitoka nje nawamwagia kuku. Watu wakaniambia umepungua umependeza, na kila aliyesema hivo mimi siku inayofata nilikula kidogo zaidi, naomba mlishike hilo.

Hedhi ikakata miezi minne, nikapimwa mimba mara mbili. Hakuna aliyeniuliza nakula nini.

Aliyegundua ni bibi mzaa mama, alikuja kutoka Rondo, akaona kuku wananifata mimi tu kila jioni. Hakunifokea. Kesho yake akaweka bakuli la njugu mawe za kuchemsha katikati yetu, akawa anamenya zake, ananisimulia mambo ya shamba, mimi nikimenya moja haniangalii. Ikawa hivo kila jioni, usiku analala chumbani kwangu. Baadae ndo akamwambia mama tukaenda hospitali wote watatu, na kupona kulichukua zaidi ya mwaka. Ustadhi mmoja alinisaidia sana, akanisomea ile aya ya 185 ya Al-Baqara inayompa mgonjwa ruhusa ya kufungua akalipa siku nyingine, akaniambia we ni mgonjwa, kula. Kwa hiyo wazazi mtoto akizidisha funga ghafla muulizeni kwa upole.

Baba_Newala
Na wavulana pia jamani. Wangu waliitwa njiti shuleni, mmoja akaanza kubeba vyuma na kula mayai tu, wali hagusi, usiku analia. Tusiwaangalie mabinti peke yao.

Mjomba wa Mchinga
Nimesoma yote, dada wa Lindi umenigusa. Nina mpwa wangu toka mdogo namwita Bonge, leo nitamwita jina lake. Mama wa Mikindani, kwetu mjomba ana sauti, kama mtoto ana mjomba karibu mwambie yeye ndo akaongee na huyo wifi yako, ukienda wewe mtagombana.

Mama wa Mikindani
Asanteni sana, nimelia kidogo hapo kwenye kuku. Nimemwambia kaka yangu, amempigia wifi, mwanzoni alikuja juu eti siku hizi watoto hawataniwi, baadae akanyamaza, akasema atakuja mwenyewe aongee na mtoto. Sijui atasema nini ila nitakuwepo. Simu tumekubaliana tunaangalia wote sebuleni, sijamnyang'anya. Baba yake jana kakaa mkekani na sisi, sio kawaida yake.

Jioni nilinunua ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kwa yule mama wa pale barabarani, nikaweka na chumvi na pilipili katikati, nikaanza kumenya zangu namsimulia nilivoanguka kwenye mkorosho nikiwa na umri wake. Kamenya mmoja, kaushika muda mrefu, akala. Kala mitatu. Sikusema kitu. Jumatatu tunaenda hospitali, nitawapa jibu.