Msaada: SAN mbili, niziunganishe ziwe fabriki moja au nipitishe ruta katikati?

Chumba Baridi:
Wakuu, habari za jioni. Ofisi yetu imenunua kampuni nyingine, kwa hiyo sasa tuna SAN mbili (mitandao ya kuunganisha seva na storeji): yetu iko Posta, ya wenzetu iko Tegeta. Swichi zote ni Brocade za 8G (gigabiti 8 kwa sekunde). Faiba ya kukodi imeshafika, kama kilomita 25 hivi. Wakubwa wanachotaka ni storeji mbili zinakiliane data, basi. Jana mkandarasi kachomeka, kiungo kikawaka kisha kikatengwa papo hapo. Kuangalia, swichi zote mbili ni domeini namba 1 (namba ya utambulisho wa swichi), na mpangilio wa zoni (orodha ya kifaa gani kinaona kipi) una jina lilelile huku na kule ila yaliyomo ni tofauti. Yeye anasema tubadili namba, tuchanganye zoni, iwe fabriki moja, yaani swichi zote ziwe mtandao mmoja. Mimi roho inasita. Nishaurini.

Ngamia wa Data:
Mkuu, shukuru imejitenga, swichi ilikuwa inajilinda. Zingekuwa na domeini tofauti na upande mmoja hauna zoni kabisa, ungemeza zoni za mwenzake kimyakimya.

Msiunganishe. Fabriki moja maana yake daftari moja la zoni: mtu wa Tegeta akikosea kuwasha mpangilio, seva za Posta nazo zinakosa diski. Tumia ruta ya fabriki. Poti ya EX, yaani poti ya ruta hiyo, Tegeta inaiona kama swichi ya kawaida, lakini fabriki hazichanganyiki na domeini 1 inabaki pande zote. Kisha unatengeneza zoni ya LSAN (inayoruhusu kifaa kuvuka ruta) huku na kule: jina lianze na lsan_, wanachama waandikwe kwa WWN (namba ya kudumu ya kifaa), si kwa namba ya poti. Kifaa kisichokuwemo kwenye zoni za pande zote mbili hakivuki. Kwako ni poti za storeji tu.

Zoni Huria:
Mbona mnakuza mambo? Unazima swichi, unabadili domeini, unawasha. Ruta ni leseni, na leseni ni hela.

Ngamia wa Data:
Baiti ya kwanza ya anwani ya kila kifaa ndiyo domeini. Ukiibadili, anwani zote zinabadilika. Seva za Linux na Windows haziguswi sana maana zinafuata WWN. Ila mwenye AIX (mfumo wa seva za IBM) ya zamani ambayo dyntrk (kufuata kifaa anwani ikibadilika) haijawekwa yes, ajiandae kuamshwa usiku.

Bi Faiba:
Ningekuwa na Cisco ningesema VSAN na IVR (fabriki pepe na ruta kati yake), wazo ni hilohilo. Lakini hakuna aliyeuliza kredi za bafa, yaani fremu (vifurushi vya data) ngapi poti inaweza kutuma kabla ya kupata jibu. Kwa fremu kubwa, hesabu ni kilomita mara kasi, gawa kwa mbili: 25 × 8 ÷ 2 = kredi 100. Poti ikiachwa na kredi 8 inatosha kilomita 2 tu, baada ya hapo inatuma kidogo halafu inakaa kusubiri jibu. Kiungo kitakuwa kijani, hakuna kosa hata moja kwenye kaunta, na data itatambaa. Fremu zenu zikiwa ndogo, ongeza kredi. Halafu mdogo wangu, mna fabriki A na B (mbili zilizotengana, moja ikifa nyingine inabeba)? A ikutane na A, B na B. Usivushe hata waya mmoja.

Chumba Baridi:
Asante dada. Posta tuna A na B. Tegeta kuna swichi moja tu, kila kitu kimechomekwa hapo. Nimeambiwa leo.

Zoni Huria:
Duh. Nafuta kauli.

Ngamia wa Data:
Basi habari ya kubadili domeini imekufa, maana kuzima swichi hiyo ni kuzima Tegeta nzima. Leseni na poti ya EX weka Posta upande wa A. Tegeta usiguse chochote zaidi ya kuongeza ile zoni ya lsan_ na kredi za poti. Wakubwa wajue mapema kwamba unakili utakuwa na mguu mmoja hadi wanunue swichi ya pili. Na huyo mkandarasi achomoe waya wake leo.