Maumivu baada ya kubadilishiwa goti: ganzi, morfini au vidonge?

Kamwene wote. Mama yetu wa Mafinga anabadilishiwa goti mwezi ujao Dar. Wadogo zangu wametajiwa ganzi ya mgongo, sindano ya paja na morfini, sasa wananiuliza mimi niliye Coventry ipi ni nzuri. Ana presha pia. Waliopitia haya naomba mnisaidie.

---

Pole mdogo wangu, na mama tunamwombea. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa huku Leeds, kwetu Tukuyu.

Hizo dawa hazishindani, zinapokezana. Ganzi ya mgongo ni ya wakati wa upasuaji na saa chache baadaye. Ya paja inaendelea pale ya mgongo inapoishia, na madaktari wengi huongeza ganzi kulizunguka goti lenyewe kabla ya kushona. Ila waulizeni ile ya paja inachomwa wapi. Ikichomwa juu, karibu na kinena, maumivu yanatulia vizuri lakini msuli wa mbele ya paja unalegea. Mgonjwa akisimama, goti linakunjika na anaweza kuanguka. Ikichomwa katikati ya paja kwa ndani, msuli unabaki na nguvu zaidi, na mama atasimama mapema. Hiyo ndiyo ningemtakia mama yangu.

Ganzi ikiisha, maumivu huja kwa nguvu, mara nyingi usiku. Vidonge vitangulie. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, inywewe kwa saa, si mpaka aumwe. Kama ni mwembamba sana au ana shida ya ini, daktari apunguze. Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia sana uvimbe, lakini kwa presha, figo au vidonda vya tumbo, asipewe bila daktari kuruhusu. Morfini na tramadoli ni za siku ngumu za mwanzo: zinaleta kichefuchefu, kizunguzungu na choo kigumu, kwa hiyo maji, matunda na mboga visikosekane.

Sasa jambo linaloniumiza kwa mama zetu wa nyanda za juu: kuvumilia. Muuguzi akipita anaambiwa "sijambo mwanangu", kumbe mguu haujakunjwa tangu asubuhi. Goti jipya lisipokunjwa mapema linakakamaa, na dawa ni za kumwezesha kufanya mazoezi. Wamuulize hivi: "Mama, unaweza kukunja?" Wasiulize kama anaumwa.

Na tafadhali, maji ya moto hapana. Najua Mafinga kuna baridi na shangazi watakuja na beseni na kitambaa wamkande. Goti bichi linataka barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15 hadi 20, kidonda kisilowe. Mto uwekwe chini ya kisigino, si chini ya goti, hata kama chini ya goti anajisikia raha.

---

Asante sana dada, nimewatumia yote. Atarudi kwa basi, je?

---

Kwanza daktari amruhusu, maana kukaa muda mrefu kunagandisha damu mguuni. Kama ni gari binafsi, wasimame Morogoro, Ruaha Mbuyuni na Ilula, ashuke atembee kidogo. Dawa ya kuzuia damu kuganda asiikatize. Akivimba shavu la mguu na kuuma, au akabanwa kifua, wasisubiri kufika nyumbani. Waingie hospitali iliyo karibu.