Nimetozwa faini kwa kuongea na simu ndani ya gari lililoegeshwa: naomba nionyeshwe kifungu cha sheria

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na hasa ninyi mnaofanya kazi ya sheria, ninaandika nikiwa na hasira ambayo siku tatu hazijaipunguza hata kidogo. Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, nilitozwa faini kwa kosa lililoitwa «kutumia simu wakati wa kuendesha», ilhali sikuwa ninaendesha. Gari lilikuwa limeegeshwa, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hadi leo hakuna mtu aliyenitajia kifungu nilichokivunja.

Nilikuwa ninatoka Katuba kwenda kumtafutia mama dawa ya presha. Simu ililia njiani, nikaona ni dada yangu aliyebaki nyumbani kumwangalia mama, nikajua kwamba hiyo si simu ya salamu. Hata hivyo sikuipokea. Niliwasha taa ya kuashiria, nikatoka barabarani, nikaingia kwenye eneo la udongo lililo mbele ya duka la dawa, ambapo magari huegeshwa kila siku, nje kabisa ya lami. Ni baada ya kuzima injini ndipo nilipompigia dada. Gari langu, kama mengi yanayoingia mjini kwetu kupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, lina usukani upande wa kulia, na kwa kuwa nchini mwetu tunapita mkono wa kuume wa barabara, nilikuwa nimekaa upande wa ukuta wa duka, mbali zaidi na magari yanayopita kuliko hata kiti cha abiria. Ninaeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu baadaye niliambiwa kwamba nilihatarisha maisha ya watu.

Askari wawili wa barabarani waligonga kioo. Mmoja alisema, «Papa, tumekukuta na telefone kwenye usukani, leta permi.» Nilimjibu kwa heshima, «Shefu, gari limesimama, tazama, hata ufunguo haupo mahali pake.» Akajibu kwamba mtu yeyote aliyekaa mbele ya usukani ni dereva, na dereva haruhusiwi kushika simu. Kwa maneno hayo tu alichukua permi yangu, yaani leseni ya kuendesha, na karti roze, yaani kadi ya usajili wa gari. Nilipoomba anitajie kifungu, alisema kwamba mimi si mwanasheria. Kisha akanitaka nifungue simu ili aone saa ambayo mazungumzo yalianza, nami nikakataa, na kuanzia hapo maneno yakawa ya kunyang'anywa gari.

Nilikaa pale saa mbili nzima. Walianza kwa kudai dola 50, wakaishia kwenye franka 60,000, ambazo nilizitoa kwa sababu mama alikuwa anangoja dawa na si kwa sababu nilikiri kosa lolote. Sikupewa stakabadhi, wala haikuandikwa hati yoyote ya kosa. Katika muda huo dada alinipigia mara nne, nami niliogopa kupokea, ndani ya gari langu mwenyewe, lililosimama, nikiwa sijui kama mama amezidiwa au ametulia. Na niliwaona kwa macho yangu madereva saba wakipita mbele yetu, simu ziko sikioni, magari yanakimbia, na hakuna hata mmoja aliyesimamishwa. Aliyesimama ndiye aliyekamatwa, kwa kuwa kumkamata aliyesimama hakuna kazi.

Sasa nije kwenye sheria yenyewe, maana sitaki mtu aje kuniambia kwamba ninatetea watu wanaoongea na simu wakiendesha. Siwatetei. Swali langu ni hili: je, kuegesha ni kuendesha?

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977 ikiwa bado inaitwa Zaire, unatofautisha waziwazi gari lililosimama kwa muda mfupi ili kushusha au kupandisha watu na mizigo, gari lililoegeshwa, na gari ambalo limesimama tu kwa sababu njia imezibwa au kanuni inalilazimisha kungoja. Marekebisho ya kifungu cha 8 cha mkataba huo yanazitaka nchi zimkataze dereva kutumia simu ya kushika mkononi wakati gari liko katika mwendo. Katika mwendo, ndugu zangu. Na Katiba yetu, katika kifungu cha 215, inasema kwamba mikataba iliyofungwa kihalali, ikishatangazwa, ina nguvu kuliko sheria za kawaida.

Ninakubali kwamba nchi yaweza kuwa kali zaidi ya hapo, na ziko zilizofanya hivyo. Nchini Ufaransa, tarehe 23 Januari 2018, Mahakama ya Kasasioni, iliyo ya juu kabisa kwa kesi kama hizi, iliamua kwamba dereva aliyesimamisha gari kwenye njia ya kulia ya mzunguko wa barabara (rond-point), huku taa za tahadhari zikiwaka, alikuwa bado katika mwendo wa magari barabarani, kwa hiyo simu mkononi mwake ilikuwa kosa. Uamuzi huo ni mkali, lakini una mantiki: yule mtu alikuwa amesimama juu ya njia wanayopita wengine bila kulazimishwa na tukio lisiloepukika. Kinachopimwa hapo ni mahali gari lilipo, na mimi nilikuwa nje ya njia. Nchini Uingereza nako dereva aliye kwenye foleni au mbele ya taa nyekundu hana ruhusa ya kushika simu, ila aliyeegesha salama anaruhusiwa. Wabelgiji, ambao sheria zetu nyingi zilirithi umbo lao, wameandika mwanzoni kabisa mwa kanuni yao kwamba katazo halimhusu dereva ambaye gari lake limesimama kwa kushusha na kupandisha au limeegeshwa. Hata nchi hizo zinazotoza faini bila huruma zimejua kutofautisha.

Na sisi? Sheria yetu ya barabara ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Simu ya kwanza ya mkononi iliyouzwa kwa watu, ile DynaTAC ya Motorola, iliingia sokoni nchini Marekani mwaka 1983. Walioandika sheria ile hawakuwa na simu ya mkononi mbele ya macho yao. Kama ipo amri ya baadaye iliyoongeza kosa hili, basi iwekwe mbele yetu, tusome maneno yake, tuone kama inataja gari lililoegeshwa. Na kama askari wanategemea wajibu wa jumla wa dereva wa kuwa makini na kulimudu gari lake, ninauliza gari lililozimwa mbele ya duka la dawa linamudiwa vipi zaidi ya pale. Tukikubali kwamba kila aliyekaa mbele ya usukani ni dereva, basi mzazi anayengoja watoto mbele ya shule ni mkosaji akimpigia mwalimu simu, na mwenye taksi anayengoja abiria kwenye maegesho ni mkosaji akipokea malipo kwa simu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 17 kwamba hakuna anayeweza kushtakiwa, kukamatwa wala kuhukumiwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria na kwa utaratibu ambao sheria imeuweka. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya mawasiliano, jambo ambalo yule aliyetaka kufungua simu yangu barabarani alipaswa kulijua kabla ya kuvaa sare. Kifungu cha 28 kinasema kwamba hakuna anayelazimika kutii amri ambayo ni wazi kwamba inapingana na sheria, ila anayekataa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Mzigo huo ndio uliotufikisha hapa: raia atathibitishaje kwamba kifungu hakipo, wakati mwenye kumkamata halazimiki hata kutaja kifungu kilichopo?

Kinachoniumiza zaidi ya zile franka ni kwamba nilifanya hasa kile tunachoambiwa kila siku tukifanye. Nilitoka njiani, nikazima gari, ndipo nikaongea. Kama ningeongea huku nikiendesha, ningepita pale kama wale saba, ningefika nyumbani na dawa saa mbili mapema, na mama asingekaa akilia akidhani nimepata ajali. Alhamisi ijayo simu ikilia, nifanye nini? Ninauliza kwa dhati, kwa sababu mwanangu wa kwanza anajifunza kuendesha mwaka huu na sijui nimfundishe nini kuhusu jambo hili.

Kwa hiyo ninaomba wanasheria waliomo humu wanijibu kwa nambari, si kwa maoni. Ni kifungu gani, au amri ya tarehe gani, kinachokataza simu ndani ya gari lililoegeshwa nje ya njia? Na je, permi inaweza kuchukuliwa papo hapo bila hati kuandikwa?

Barua ya malalamiko nimekwisha kuiandika, na Jumatano asubuhi nitaipeleka kwa mwendesha mashtaka, nakala moja nikiweka nyumbani. Katika mstari unaoanza na maneno «kosa nililodaiwa kutenda linatajwa katika kifungu» nimeacha nafasi wazi. Mwenye kukijua kifungu hicho anipe kabla ya Jumanne jioni; la sivyo nitaipeleka barua na nafasi hiyo ikiwa wazi vilevile.