Mashine ya posho inapiga mayowe kila asubuhi, nikaze mikanda?

MamaUnga: Habari zenu mafundi. Niko Kawangware, mota ya umeme, mikanda mitatu ya V. Juzi nilibadilishiwa mmoja uliokatika. Sasa nikiwasha inalia kama nguruwe, na nikimimina mahindi kinu kinapoteza kasi. Mwaka jana nilikaza mpaka mkanda ukawa kama uzi wa gitaa, beringi ya mota ikafa wiki mbili baadaye. Naogopa.

FundiPuli: Pole mama. Mikanda hubadilishwa yote pamoja. Huo mpya ndio unaobeba mzigo, ile ya zamani imevutika, inateleza tu. Kutoka puli, yaani gurudumu la mkanda, hadi puli ya pili ni ngapi?

MamaUnga: Sentimita 80 hivi, kwa rula ya mtoto.

FundiPuli: Basi zima umeme kabisa, bonyeza mkanda katikati kwa nguvu ya wastani. Ushuke milimita 12 au 13 hivi. Ukikaza, zungusha puli kwa mkono kisha upime tena. Mipya hulegea ikishakaa kwenye mifereji ya puli, kwa hivyo rudia baada ya siku moja au mbili. Na usipake grisi, tafadhali!

Msagaji_Dago: Angalia mifereji pia. Mkanda wa V hushika kwa mbavu, si kwa tumbo. Yangu ililika, nikakaza wee, bure. Nikaenda soko la Gikomba kutafuta puli nyingine.

MamaUnga: Nimemulika na tochi ya simu. Chini ya mfereji mmoja panang'aa kama kijiko.

Msagaji_Dago: Ndiyo hiyo. Mfereji umelika, mkanda unagusa chini kwa tumbo.