Daktari akichukua fomu ya ubunge, nani kapoteza?

Ndugu zangu, hoja iliyo mezani ni hii: daktari amesomeshwa kwa kodi za wananchi, miaka 5 au 6 ya chuo, kisha utarajali, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha miaka mingine ya ubingwa. Leo anavua koti jeupe akagombee ubunge. Waliotangulia kuchangia wameuita usaliti. Mimi napinga, ingawa hofu yao moja naichukua kwa uzito wote.

Hasara ya wagonjwa ni ya kweli. Anayeibeza hajawahi kumuuguza mtu wake kwenye wodi yenye daktari mmoja zamu nzima ya usiku. Lakini tujiulize foleni ile inatoka wapi. Mtoto analetwa anaharisha, anapewa maji ya chumvi na sukari, anapata nafuu, anaruhusiwa. Baada ya wiki mbili karudi, kwa sababu maji anayokunywa kwao ni yaleyale. Dawa ya maji machafu haimo kwenye kabati la hospitali. Imo kwenye bajeti, na bajeti hupitishwa na watu waliopigiwa kura.

Daktari Mjerumani Rudolf Virchow alikutana na jambo hili mwaka 1848, alipotumwa na serikali ya Prussia kuchunguza mlipuko wa tifasi, homa kali inayoenezwa na chawa, huko Silesia ya Juu. Ripoti aliyoandika iliwakera waliomtuma: alidai elimu, uhuru, na mzigo wa kodi uondolewe mabegani mwa maskini. Mwaka uliofuata alipoteza kazi yake Berlin. Alirudi baadaye kama profesa, mwaka 1859 akachaguliwa diwani wa jiji, na kwenye baraza akapigania maji safi na mfumo wa majitaka. Hadubini yake hakuiweka chini. Nani hapa atasema aliwatelekeza wagonjwa?

Mfano ninaoupenda zaidi, na unaonisumbua pia, ni Tabaré Vázquez wa Uruguay, bingwa wa saratani. Hakurukia ikulu. Alianza na umeya wa Montevideo mwaka 1990, akagombea urais mara mbili akashindwa, ndipo akaapishwa mwaka 2005. Mwaka uliofuata uvutaji sigara ulipigwa marufuku ndani ya maeneo ya umma yaliyofungwa. Kampuni ya sigara ya Philip Morris iliishitaki Uruguay mwaka 2010 kwa sheria za tumbaku, na mwaka 2016 ikashindwa. Mtu aliyekuwa akipambana na uvimbe mmoja mmoja alifika hadi kwenye pakiti ya sigara yenyewe. Kliniki gani ingempa nguvu hiyo?

Ila daktari huyohuyo, mwaka 2008, alitumia kura ya turufu kuzuia sheria ya kuruhusu utoaji mimba iliyokuwa imepitishwa na bunge, na miongoni mwa hoja zake alitaja sayansi. Uungeni mkono uamuzi ule au upingeni, lakini tofauti iko wazi. Madhara ya sigara yanapimika. Lini uhai unastahili ulinzi wa sheria ni suala la dhamiri, na hapo koti jeupe halina haki ya kuifanya kauli ya mtu iwe nzito kuliko ya mwalimu au mkulima.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Wodi humfundisha daktari tabia mbili. Ya kwanza ni kuuliza, kupima, na kubadili dawa isipofanya kazi. Ya pili ni kuamuru: yeye anaandika, mgonjwa anameza. Usiku wa dharura tabia hiyo ya pili huokoa maisha. Kwenye uongozi ni sumu. François Duvalier wa Haiti alijipatia mapenzi ya watu wa vijijini akiwatibu buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi, wakamwita Papa Doc. Alichaguliwa mwaka 1957. Kufikia 1964 alikuwa rais wa maisha, na wanamgambo wake walikuwa wakiua watu. Imani waliyompa tabibu hawakupata tena nafasi ya kuidai irudi.

Nimeulizwa: je, ujuzi hauozi mtu akikaa bungeni miaka 10? Unapungua, ndiyo. Lakini Leo Varadkar, daktari aliyekuwa waziri mkuu wa Ireland, alirejea kwenye rejista ya madaktari mwaka 2020 wakati wa korona, akawa anafanya zamu moja kwa wiki. Njia ya kurudi inaweza kuachwa wazi, na ningependa mabaraza ya madaktari yaiweke rasmi, pamoja na mafunzo ya kumnoa upya anayerudi.

Kwa hiyo mgombea daktari akisimama jukwaani simuulizi kwa nini ameacha kliniki. Namuuliza ni ugonjwa gani alichoka kuutibu kwa kuwa chanzo chake kiko nje ya hospitali, na sheria au fungu gani la bajeti litaugusa. Halafu namuuliza ni lini mara ya mwisho muuguzi alimwambia amekosea, naye akafanya nini. Akikasirikia swali hilo la pili, kura yangu haipati.

Nanyi mnaosema ni msaliti, mngemuuliza nini?